Mama Sentimita na Mifupa Yake

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, na wakubwa zangu wamenipa karatasi hii niisome mimi kwa sababu, kama mtakavyosikia, mimi ndiye niliyembishia mama kuliko wote.

Mama yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Sentimita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1954 hadi 1960, akajifunza ushonaji kwa shangazi yake, na mwaka 1965 akaajiriwa kwenye karakana ya sare za shule na za kazi, chumba kirefu chenye vyerehani kumi na viwili, alikofanya kazi miaka thelathini na sita bila mteja kurudisha nguo, isipokuwa dereva mmoja wa lori aliyerudisha suruali ileile mara tatu mpaka mafundi wakamshtukia kwamba anamfuata mama, na tarehe 7 Septemba 1968 dereva huyo, baba yetu, na mama wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 2010 mama alianza kulalamikia uchovu, kiu isiyoisha na maumivu ya mifupa, sisi tukasema ni uzee tu, akajipima kwa tepu yake akatuambia amepungua sentimita nne, nami nikacheka, nikamwambia tepu ndiyo iliyozeeka, nikamnunulia mpya, akajipima tena, zikawa nne zilezile, nikamwambia basi hajui kujipima, yeye aliyepima nusu ya mji huu. Akapandisha pindo za magauni yake yote.

Miaka minne ikapita hivyo, hadi tarehe 2 Mei 2014 alipovunjika mkono kwa kuinua sufuria ya maji tu, ndipo daktari akapima damu, akakuta kalsiamu imezidi mno, akatueleza kwamba shingoni kuna vijitezi vinne vidogo kama punje za mchele, na kimoja cha mama kilikuwa kimevimba, kikifanya mwili uchote madini kwenye mifupa yake mwaka baada ya mwaka. Tarehe 19 Agosti alifanyiwa upasuaji wa kukitoa, akalikagua kovu kwa kioo, akasema mshono si mbaya, kiu ikaisha, nguvu zikamrudia, na kwa miaka minane na ushee akawa anawasumbua wanawake wa mtaa mzima wakapime damu na mifupa.

Lakini mifupa iliyokwisha kuliwa haikurudi yote. Tarehe 30 Aprili 2023 aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, nimonia ikafuata, na tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, alifariki nikiwa nimemshika mkono, akiwa na umri wa miaka 77, ameacha watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja.

Tunawashukuru daktari aliyempasua, wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani waliombeba kwa kiti kushuka ngazi, na mafundi wenzake walioshona gauni alilovaa leo.

Mama, hukunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Ulisema kweli, mimi nilikosea, na nilipaswa kukwambia ukiwa hai. Nisamehe, mama yangu. Lala salama.