Jiwe la Régina

Namna jiwe kubwa kama tunda la mchikichi lilivyotoka kwenye nyongo ya mke wake likaenda kuziba utumbo, Moustapha hajaelewa mpaka leo, ingawa daktari alimchorea. Régina aliletwa Kasongo kwa pikipiki kutoka Kabambare, tumbo limevimba, anatapika. Juzi alipasuliwa, utumbo ukafunguliwa, jiwe likatolewa, utumbo ukashonwa. Asubuhi hii jiwe limo kwenye chupa, juu ya benchi la Nuru, muuza kahawa wa mbele ya hospitali. Moustapha ameketi kati ya wazee wawili: Mizani, aliyekuwa akinunua dhahabu Salamabila, na Redio, asiyezimika.

— Alimeza na muchele, Redio akasema. Muchele ya Kabambare iko na mawe.

— Jiwe kubwa hivi, Mizani akajibu, mutu anameza bila kujua?

— Kama anakula huku anaongea.

— Hapana. Kule maji inapita juu ya dhahabu. Mutu anakunywa, dhahabu inajikusanya ndani. Leta kinu. Salamabila hatutupi jiwe bila kuitwanga.

— Munganga alisema ilizaliwa kwa nyongo, Moustapha akasema, akikumbuka mchoro wa daktari. Ikatoboa, ikaingia kwa utumbo.

— Basi iko na akili, Redio akasema. Ilikuwa inatafuta njia ya kurudi mugodini.

Moustapha akacheka, mara ya kwanza tangu safari ile.

Pikipiki ikasimama. Akashuka Darlène, mdogo wake Régina, vumbi mpaka kwenye kope.

— Shemeji, yaya Régina amejamba?

Daktari alikuwa amesema wazi: akitoa hewa, utumbo umeanza kufanya kazi tena, apewe uji. Lakini mama mkwe habanduki kitandani, na mkwe hatamki neno kama hilo mbele yake. Moustapha alikuwa akichungulia dirishani, anasalimia, anarudi kwa jiwe.

— Sisi tulikuwa kwa mambo ya jiwe, Mizani akasema polepole.

Darlène akaingia wodini. Alirudi akitabasamu.

— Tangu alfajiri. Aliona haya kusema mbele ya mama, alikuwa anakungojea weye umuulize. Muuguzi amekubali. Yaya iko na njaa.

Ikaamuliwa bila ubishi kwamba kahawa ya leo imekwisha. Maji yaliyobaki ni ya uji. Nuru akatoa sufuria, Redio akapuliza moto, Mizani akaishika chupa ya jiwe. Uji aliukoroga Moustapha mwenyewe, mwepesi, bila bonge hata moja.