Mkonga Juu ya Migomba

Karagwe tunalima kahawa, tunatafuna kahawa, mgeni akija tunamtolea kahawa kwenye kijikapu. Kuinywa kwa kikombe tumeanza juzi juzi tu, na mimi Vero ndiye ninayeipika hapa Kihanga, kando ya barabara ya vumbi, chini kabisa ya kibanja cha Mama Kokugonza, yaani shamba linaloizunguka nyumba yake. Benchi ni ubao mmoja mrefu alioutoa mwanawe, Jovitus, fundi seremala wa Kayanga. Ukikaa hapo na kuinua macho unaona migomba, nyuma yake migomba, na juu ya majani limechomoza bomba jeusi lenye kichwa kilichoinama. Huo ndio mkonga, pua ya gari la Jovitus. Gari lenyewe huwezi kuliona ukiwa kwenye benchi, ila hakuna siku lisipozungumziwa, na leo ilikuwa zaidi, maana mchana limewaka.

Kwanza niwaambie linatoka wapi. Mama Kokugonza aliangushwa na bodaboda kwenye tope, goti likavimba, na tangu hapo halijarudi lilivyokuwa. Vijana wakajitolea kumpeleka hospitali Nyakahanga kwa machela, akakataa. Alisema machela ilimpeleka mumewe na haikumrudisha akiwa anapumua, kwa hiyo yeye ataenda ameketi au haendi. Teksi ndogo za Kayanga mvua ikinyesha hazipandi huku, zinalala tumbo njiani. Bodaboda hataki hata kuisikia ikipita. Jovitus, ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki, akaenda Kyerwa akanunua gari bovu la foo-wili kwenye shamba la ng'ombe. Kuku walikuwa wanataga ndani. Lilikokotwa na trekta mpaka uani kwa mama yake, na kitu cha kwanza alichokinunua kulitengeneza kilikuwa honi.

Msimu wa kahawa ukapita, ukapita tena. Sasa daktari wa mifupa anakuja kesho Nyakahanga, na akishaondoka hakuna ajuaye atarudi lini. Ndiyo maana leo jioni benchi lilijaa mapema.

Spana alikuwa wa kwanza. Jina lake la ubatizo ni Apolinary na kazi yake ni baiskeli, lakini tangu gari lije amejipandisha cheo. Alikaa na mikono yake ya grisi, akashika kikombe kama mtu aliyetoka kumzalisha ng'ombe.

— Mmelisikia mchana? — akauliza.

— Tumelisikia, — akasema Benjamin, ambaye sisi tunamwita Methali kwa sababu anazo nyingi na hajui za wapi. — Nilikuwa shambani nikajua ni radi. Hata maharage niliyoanika nikayaanua.

— Ni gasketi ile. Niliwaambia tangu mwanzo ni gasketi.

— Mwanzo ulisema ni betri.

— Betri nayo ilikuwa na gasketi yake.

Jovitus akatabasamu tu. Yeye ana subira ya seremala; mtu hubishana naye huku anapiga randa. Lakini leo nilimwona hatulii. Alikuwa anaangalia mawingu ya upande wa Rugu, na mawingu ya upande ule yakiwa meusi hayana utani.

— Mvua ikinyesha usiku, — akasema, — kesho ule mlima utakuwa sabuni. Kile kirungu kifupi cha gia ya foo-wili, kinaingizwa kabla ya kupanda au ukishafika katikati?

Hapo ndipo walipopandishana. Spana akasema kabla. Methali akasema katikati, maana haba na haba hujaza kibaba. Tukamwuliza kibaba kimeingiaje mlimani, akasema tutaelewa tukikua. Tena huyu ni mwenzangu wa darasa moja.

Twagirayezu, tunayemwita Mpakani, alikuwa bado hajasema. Aliishi Murongo miaka mingi, na kila kitu duniani amekwisha kukiona huko mpakani, kikubwa kuliko cha kwetu.

— Nyie hamjui foo-wili, — akasema taratibu. — Foo-wili ni magurudumu manne na kila moja lina akili yake. Ukiingiza kirungu ovyo, la mbele linataka Bukoba, la nyuma linataka Bugene. Gari linagombana lenyewe. Nimeliona Murongo gari limesimama barabarani saa nzima, injini inanguruma, magurudumu hayajaelewana.

— Sasa lilitokaje?

— Dereva alishuka akaliongelesha.

— Kwa lugha gani?

— Foo-wili za zamani zinasikia Kiswahili cha polisi.

Nikawaongezea kahawa. Spana akasema huo ni uongo, na akatumia nafasi hiyo kutueleza mkonga. Akasema mkonga unavuta hewa huko juu ili gari likipita kwenye maji injini isinywe. Nafikiri hilo ndilo neno pekee la kweli lililosemwa jioni nzima, na ndilo waliloligomea.

— Hewa gani, — akasema Methali. — Hewa hata hapa chini ipo. Ule ni wa kutazamia. Ndani mna vioo, dereva akikaa anaona ng'ambo ya kilima.

— Mimi nililiona moja limeingia mto Kagera, — akasema Mpakani. — Likazama lote, ukabaki mkonga. Ukatembea juu ya maji hivi, unapumua, viboko wanausalimia. Likatokea upande wa pili limebeba samaki.

— Ndani?

— Kwenye kiti cha mbele. Cha nyuma walikuwa wadogo.

— Kiti cha mbele ni cha Mama, — akasema Jovitus.

Alilisema bila kupandisha sauti. Kiti hicho amekitengeneza mwenyewe. Alitoa kile cha zamani akaunda kingine cha mbao, kirefu kwa mbele ili goti lilale, akakipimia kwenye mkeka mama yake akiwa ameketi. Mimi nilikiona siku alipokiweka. Nilijifanya moshi wa jiko umeniingia machoni.

Wakaanza kugawana nafasi za safari. Spana lazima aende kwa sababu ya gasketi. Mpakani akasema yeye atakaa na jiwe la kuzuia tairi. Methali akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo yeye ataenda nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona methali inakaribia kufanya kazi.

Sauti ya Mama Kokugonza ikatoka juu, nyuma ya majani.

— Jovitus. Huyo dereva wako amefika?

— Bado, Mama. Yuko njiani.

— Akifika nitamletea kahawa ya kutafuna. Asianze safari yangu na mdomo mtupu.

Jovitus leseni yake ni ya kujifunza, ndiyo maana alimwomba kijana anayeendesha lori la kahawa amsaidie hiyo kesho. Hatukukaa sana kijana akaja kwa miguu, mwembamba, kofia mkononi. Akatuamkia wote shikamoo, hata mimi, jambo ambalo sikulipenda sana. Akasema anaitwa Aimable.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — Methali akamkaribisha.

Hiyo nayo ilikaa sawa. Nikaanza kuhofia afya yake.

Aimable akapewa kikombe, akanywa amesimama. Akasema analisikia gari hilo likisemwa mpaka Kayanga, na kama injini imewaka basi kazi kubwa imekwisha. Spana akavimba. Kijana akaiangalia barabara, akaangalia kibanja, akautazama mkonga juu ya majani. Akasogea hatua kadhaa kushoto akachungulia, akarudi akaenda kulia. Kisha akauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

— Samahani wazee. Kesho nitatoka nalo wapi?

Tukageuka wote kutazama.

Nataka muelewe palivyo. Nyuma ya nyumba kuna bonde. Kulia kuna kaburi la marehemu mume wa Mama, na mibuni aliyoipanda yeye mwenyewe. Kushoto ni mawe. Upande uliobaki ni huu wa barabara, na upande huu, kutoka uani mpaka kwenye benchi letu, ni migomba imesimama bega kwa bega na mikungu inaning'inia.

— Lakini liliingia, — akasema Mpakani, na safari hii hakutaja Murongo.

— Liliingia pale, — akasema Jovitus, akaonyesha kidole. Kidole kilielekea kwenye mgomba.

Ndipo tukakumbuka. Mwaka ule mnyauko ulipiga kibanja, Mama akang'oa migomba yote iliyougua upande wa barabara. Pakabaki pengo, na trekta ikapita humo na gari lake. Ardhi ikapumzika inavyotakiwa. Na huku kwetu pengo kibanjani ni aibu ya mji mzima; jirani hawezi kulipita kila siku akalinyamazia, hasa la mama anayechechemea.

— Machipukizi nilileta mimi, — akasema Methali polepole. — Kutoka kwangu. Mazima kabisa, hayana ugonjwa.

— Mashimo nilichimba mimi, — akasema Spana.

— Samadi ni ya ng'ombe wangu, — akasema Mpakani.

— Na majivu yalitoka jikoni kwa Vero, — akaongeza Spana, asije akaangamia peke yake.

Siku ile Jovitus alikuwa chini ya gari, na sisi tulikuwa tunapumzika kupanda kwa kwenda kumshikia tochi. Tulilifungia gari ndani kwa mikono yetu, tukiimba.

— Mgomba wenye mkungu mchanga haukatwi hivi hivi, — akanong'ona Methali. — Watu watasema mama huyu ana njaa, au ana adui. Nani atamwambia?

Hakuna aliyejitolea. Kimya kikawa kirefu, na Mama Kokugonza akaona si cha kawaida. Tulisikia fimbo yake, hatua, pumziko, hatua, mpaka akatokea ukingoni juu yetu na kijikapu cha kahawa mkononi.

— Mnanyamaza nini? — akasema. — Nyie mkinyamaza najua mmeharibu kitu.

Aimable akamwamkia. Akaitikia, akampa kahawa, kijana akapokea kwa mikono miwili na kutafuna. Jovitus akasimama.

— Mama, gari halina pa kutokea. Migomba imeziba njia.

— Najua.

— Umejua leo?

— Nilijua siku tunaipanda. Kibovu changu ni goti, macho ninayo.

— Sasa mbona hukusema?

Mama Kokugonza akaegemea mgomba wa karibu.

— Nilidhani hamtalimaliza, — akasema.

Mpakani alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mimi pia. Spana peke yake alibaki anaangalia vidole vyake vya grisi. Lakini Mama hakuwa anacheka, na sisi tukaacha mmoja mmoja.

— Kabla ya gari, — akasema, — huyu alikuwa anakuja Jumapili kutoka Kayanga. Anakula, anaangalia saa. Simlaumu, ana kazi zake. Likaja hilo debe, basi kila jioni mwanangu yupo chini ya gari, na nyie mpo uani kwangu mnabishana. Nikipika ndizi, sufuria inaisha. Tangu baba yake aondoke sikuwa nimesikia tena sufuria ikikwanguliwa. Nikasema, ngoja migomba ipandwe, gari lisiwe na haraka.

Jovitus akapanda ukingoni, akamsogezea mama yake kigogo.

— Haya kateni, — akasema Mama. — Goti linaniuma kweli, na sitamkosa daktari kwa ajili ya ndizi. Ile yenye mikungu mikubwa mnionyeshe kwanza, nitawaambia ipi mwache. Lakini mniambie jambo moja. Likishatoka hapa, jioni mtakuja kufanya nini?

Mimi nilichungulia ndani ya birika kana kwamba jibu limezama humo.

Spana akakohoa.

— Mama waitu, sikutaka kusema mbele ya dereva, — akasema. — Ile difu ya nyuma, gia za kuzungusha magurudumu, inalia.

— Inalia? — akauliza Mama.

— Inalia vibaya. Ni ya kufunguliwa yote. Ni kazi ya jioni nyingi.

— Na mlango wa kushoto haufungi, — akasema Mpakani. — Murongo niliona mlango wa hivyo, ulichukua mwaka.

— Rangi pia, Mama, — akasema Jovitus. — Sitaki kuipaka Kayanga, kuna vumbi. Itapakwa hapa hapa uani. Nitakuwa nakuja.

Aimable alikuwa anawatazama kwa zamu, kahawa shavuni.

— Samahani, — akasema. — Difu mmeijuaje kwamba inalia, na gari halijatembea?

— Kunywa kahawa yako, mdogo wangu, — nikamwambia.

Akainamisha kikombe, kilikuwa kitupu. Nikatikisa birika, nalo tupu. Juu kule panga la Jovitus lilikuwa limeanza, na Mama Kokugonza ameketi kwenye kigogo anamwelekeza, ule hapana, huo hapana, huo sawa. Nikawaambia wasubiri, nikaongeza maji.