Daftari la Mvua la Mzee Enoki Mwalongo

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu, majirani, na ninyi madereva mlioegesha malori mpaka kule kwenye kona, kamwene. Familia imempa Timoth, mtoto wa tatu wa marehemu, karatasi hii aiandike na kuisoma, kwa sababu, kama alivyosema shangazi mbele ya watu, angalau degree yake ifanye kazi siku moja, naye amekubali, ila humu ndani yapo mambo ambayo familia yenyewe itayasikia sasa hivi pamoja nanyi, na anaomba mtu asimkatishe, wamkalipie baada ya mazishi.

Mzee Enoki Mwalongo alizaliwa tarehe 9 Juni 1953 huko Makambako, wakati mji ule ulikuwa nyumba chache na upepo mwingi, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita, akabatizwa mwaka huohuo, akaanza shule ya misheni mwaka 1962 na kumaliza darasa la saba mwaka 1968, na hakuendelea kwa sababu baba yake alikuwa na ada ya mtoto mmoja tu, nayo ilikwenda kwa kaka mkubwa. Hakuwahi kulisema hilo kwa uchungu. Timoth, ambaye amesomeshwa mpaka chuo kikuu na kutwa analalamika, amelijua juzi tu, kutoka kwa mama.

Mwaka 1971 marehemu aliingia kwenye malori kama utingo, akapata leseni mwaka 1976, akawa dereva wa kubeba majani mabichi ya chai kutoka kwa wakulima wadogo wa Lupembe kupeleka kiwandani, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mitano, na kwa sababu hiyo akahamia hapa juu ya mteremko ambapo sote tumekaa leo. Tarehe 14 Aprili 1988 lori lake liliteleza kwenye mteremko huu huu, likalala ubavu, yeye akatoka mzima, na tangu siku hiyo akawa na swali moja tu asubuhi: usiku imenyesha kiasi gani?

Jibu lilikuja tarehe 4 Novemba 1991, pale wataalamu wa hali ya hewa, walio chini ya wizara inayosimamia uchukuzi, walipoomba uwanja wake wasimike kipimo cha mvua, wakamwachia glasi ya kupimia, daftari, na maelekezo ya nusu saa, naye akawa mpimaji wa kujitolea kwa miaka thelathini na tatu, bila cheo, bila ofisi, bila kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Watu walimcheka, wakamuuliza mvua na mabasi vinahusiana wapi, na wengine walimletea malalamiko ya madaraja na mashimo, naye akawajibu kwa upole kwamba barabara zina wenyewe, ila wizara ya uchukuzi haipo kwa ajili ya kushika usukani wa gari la mtu, ipo ili ijue mapema, imwambie rubani wa ndege, imwambie mwenye boti kule ziwani Lupingu, imwambie dereva, na haiwezi kujua chochote kama mtu wa mwisho kabisa, huku kwenye ukungu, hakutoka nje kuangalia.

Timoth aliandika tasnifu ya kurasa themanini na nne juu ya nafasi ya wizara hiyo katika usalama wa usafirishaji vijijini, ana shahada ya usimamizi wa uchukuzi, upper second, na katika kurasa zote hizo, with all due respect to himself, hakuna mahali alipomtaja mtu aliyekuwa akitoka nje kuangalia.

Tarehe 12 Agosti 1978 marehemu alifunga ndoa na Bi Getruda Mhema, tuliye naye hapa, Mungu ambaye bibi zetu walimwita Nguluvi akawapa watoto watatu, Justine mwaka 1980, Esnath mwaka 1985, na Timoth mwaka 1996, na wajukuu saba, ambao hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kuchezea karibu na uzio wa kipimo.

Kila siku saa tatu kamili asubuhi marehemu alivaa koti, akafungua uzio, akamimina maji kwenye glasi, akachuchumaa mpaka macho yakalingana na mstari, akaandika kwa wino, kisha akasimama ukingoni mwa barabara, na hapo madereva wa malori ya chai walipunguza mwendo, wakapiga honi mara mbili, naye akanyoosha vidole, kidole kimoja kwa kila milimita kumi, na ninyi mnajua, vidole vitatu maana yake zima gari, kunywa chai, subiri mteremko ukauke, na ngumi iliyofungwa maana yake njia ni kavu. Hakuna sheria iliyowalazimisha kumtii, lakini walimtii. Mwezi Julai 2006, aliporudi kutoka kumzika kaka yake Makambako, aliandika kwenye siku tatu alizokosa neno moja, "haikupimwa", na Timoth, wakati huo ana miaka kumi, akamuuliza kwa nini asiweke sifuri tu, Julai mvua itoke wapi, akajibiwa, "Sifuri ni kipimo, mwanangu, maana yake nilikwenda, nikaangalia, nikakuta hakuna."

Tarehe 11 Februari mwaka huu wa 2025 marehemu alipata kiharusi, kikamchukua mkono na mguu wa kushoto na sehemu kubwa ya maneno, akalazwa siku tatu, akarudi nyumbani, na kazi ya kipimo, tangu siku ile ya kwanza, ikamwangukia Timoth, ambaye alikuwa amerudi kutoka Makambako kwa sababu tangu ahitimu mwaka 2020 ameandika maombi ya kazi kumi na saba, akaitwa kwenye usaili mara mbili, na mara zote mbili akaulizwa experience, kana kwamba experience inauzwa dukani pamoja na chumvi. Anasema haya si kwa kujitetea. Anasema mjue alikuwa na hasira ya namna gani siku ile mama alipomkabidhi glasi, mtu mwenye shahada, apime maji ya mvua bure, kwa faida ya watu wasiojibu barua zake.

Alipima siku nne. Siku ya tano, tarehe 15 Februari, baridi ilikuwa kali, ukungu umekaa mpaka mlangoni, akabaki ndani ya blanketi na simu yake, akaandika nne nukta mbili, namba aliyoitoa kichwani, na kesho yake akatoa nyingine, na kwa kuwa ni msomi alijua kuzichanganya zionekane za kweli, leo sifuri, kesho saba, keshokutwa moja nukta nane. Kila asubuhi marehemu, kitandani, alimuuliza neno moja aliloweza kulitamka, "Ngapi?", Timoth akamtajia, na mzee akafumba macho. Kitanda hicho Timoth mwenyewe ndiye aliyekisogeza dirishani, ili baba awe anakiona kipimo chake. Hebu fikirini alivyokuwa mjinga.

Usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 6 Machi mvua ilipiga bati, Timoth akaisikia usingizini na kujigeuza, asubuhi jua likachomoza kidogo, akaandika mbili nukta moja, na Romanus, dereva ambaye marehemu alimfundisha kazi, alipofika na lori limejaa majani akapiga honi mara mbili, Timoth akatoka mpaka kibarazani, si zaidi ya hapo, simu mkono wa kushoto, akanyoosha mkono wa kulia, ngumi. Romanus alipaza sauti, "Kweli, mdogo wangu? Mbona kwangu imepiga sana?" na Timoth akamjibu, "Kaka, wewe endesha, mambo ya data tuachie sisi." Ndani, marehemu alikuwa akigonga fremu ya dirisha kwa kikombe cha bati, akagonga, akagonga, Timoth akaenda na kumpelekea maji ya kunywa, akauliza, "Kiu, Baba?" na mzee akayasukuma yakamwagika shukani, na wakati mama anabadilisha shuka ndipo uliposikika mlio wa lori likienda chini pembeni ya barabara.

Romanus alivunjika mguu mahali pawili, wapakiaji wawili wakaumia, majani ya chai ya nyumba thelathini hivi yakamwagika korongoni, na siku ile kipimo, Timoth alipokwenda hatimaye, kilikuwa kimejaa maji ya siku ishirini yaliyochanganyika, ila kituo cha jirani kiliandika kwa usiku ule mmoja milimita arobaini na moja, vidole vinne vizima. Watu walisema breki. Romanus mwenyewe alipoulizwa alisema aliingia kona vibaya, na Timoth, aliyekuwa amesimama palepale, akatikisa kichwa kwa huzuni kama watu wengine. Toka siku hiyo amepima kila asubuhi, kwa haki, akiandika kwenye karatasi ya pembeni kwa kuogopa kulifungua daftari, lakini mdomo aliufunga.

Marehemu alizidiwa usiku wa tarehe 17 Machi, akapelekwa hospitali mjini Njombe, akafariki Jumanne tarehe 18 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Juzi Jumatano simu ilipigwa kwamba Bi Eveline, mgeni wetu huyu aliyeketi karibu na Mchungaji, anakuja kwenye mazishi kwa niaba ya wizara, na atalichukua daftari. Timoth alilichukua kabla yake. Alikuwa na wembe. Alitaka kuzitoa kurasa mbili na kuziandika upya kwa namba za kituo cha jirani, ili mzee azikwe na heshima yake na yeye abaki na yake, lakini alipofungua alikuta siku zote kuanzia tarehe 15 Februari mpaka tarehe 6 Machi, siku ishirini kamili, zimekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu, na pembeni ya kila moja, kwa herufi zinazotetemeka, pameandikwa "haikupimwa". Mama anasema mzee aliomba daftari jioni moja, wiki ile ya ajali, akaandika kwa zaidi ya saa moja, kisha akamrudishia limefungwa. Mzee aliona yote kupitia dirisha. Kila asubuhi aliona hakuna mtu aliyekwenda kwenye uzio, na kila asubuhi aliuliza tena, ngapi, akimwachia mwanawe nafasi, mara ishirini.

Basi Bi Eveline utalipokea daftari kama lilivyo, na pengo la siku ishirini ujue ni la nani. Kaka Romanus, hukuingia kona vibaya, uliingia ulivyoelekezwa, na Timoth amelisema hapa ulipo na magongo yako kwa sababu barazani kwako alifika mara tatu akageuka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu, majirani mliochota maji na kupasua kuni toka Jumanne, usharika kwa maombi, madereva kwa kusimamisha malori yenu leo wakati majani yanawasubiri, na wapimaji wenzake wa mvua waliofika kutoka mbali, watu ambao yeye alikuwa akiwaita wafanyakazi wenzangu. Kuhusu kipimo, ninyi na wizara mtachagua mtu mnayemwamini, na mpaka apatikane Timoth ataishika glasi, si kwa kustahili.

Leo Ijumaa tarehe 21 Machi, saa tatu kamili asubuhi, jeneza likiwa sebuleni, uzio ulifunguliwa, chupa ya ndani ya kipimo ikamiminwa kwenye glasi, mtu akachuchumaa mpaka macho yakalingana na mstari, na kilichoandikwa kwa wino ni sifuri. Alikwenda, akaangalia, akakuta hakuna. Pumzika kwa amani, Baba, njia ni kavu.