Mzee Hashimu na Jibu la Heri

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Mzee Hashimu Singano wa Malindi, hapa kwetu Lushoto. Alikuwa mkulima wa kabichi na karoti. Tulimzika wiki iliyopita, mvua ikinyesha.

Wengi mlimfahamu kama yule babu aliyemsubiri mjukuu wake barabarani kila shule ilipotoka. Ni kweli, huyo ndiye. Lakini familia imetuomba tusimulie na yaliyotangulia.

Mzee Hashimu hakusoma sana. Alitaka mwanawe wa kwanza, Heri, asome kwa niaba yake. Kila alasiri alimpigisha magoti uani. Saba mara nane? Akikosa, fimbo. Mkewe, Bi Mwanahawa, alikuwa akimwambia, "Baba Heri, mtoto anaijua. Akikuona na fimbo ndipo inamtoka." Mzee hakusikia. Siku moja Heri alijikojolea pale pale, wenzake wakitazama. Baada ya hapo akawa anatoroka shule, mwisho akaiacha kabisa. Akateremka Mombo, akajifunza kuchomelea vyuma.

Miaka ikapita, wasikilizaji. Heri akaoa, akampata binti, Salama. Mkewe alipofariki, Bi Mwanahawa akaomba amlee mjukuu. Heri alikubali kwa sharti moja.

"Nilimwambia mama," anasema Heri, "mzee asimguse mwanangu kwa ajili ya hesabu."

Na mzee hakumgusa. Salama alikuwa akirudi shule, ananawa miguu, anakula, anacheza kidogo. Kisha yeye na babu wanakaa jikoni karibu na moto, maharage yamemwagwa kwenye ungo, wanahesabu. Salama yuko darasa la pili. Ametuambia hivi: "Nikikosea, babu anacheka, anasema hata yeye amekosea. Nikisinzia, ananiambia funga daftari, tutamalizia asubuhi."

Mwezi wa tatu Heri alipanda Malindi kumletea mwanawe viatu vya shule. Akasimama mlangoni. Akamwona baba yake, yule yule wa fimbo, akimsubiri mtoto ahesabu kwa vidole, wala hana haraka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee akaweka ungo chini. "Heri, mwanangu, nilikukosea. Wewe nilikutisha, sikukufundisha. Nisamehe."

Mbele ya mkewe. Mbele ya mjukuu. Mzee wa Kishambaa, wasikilizaji, mnajua hilo ni zito kiasi gani.

"Niliviweka viatu chini," anasema Heri. "Nikasema nawahi gari."

Tangu siku hiyo alipiga simu mara nyingi. Aliuliza mvua, aliuliza kabichi, aliuliza shule ya Salama. La msamaha hakuligusa. Bi Mwanahawa anasema kila simu ilipokatwa mzee aliuliza, "Heri amesema lolote?" Naye akawa anamjibu, "Atasema, mpe muda."

Kisha vichomi vikamshika mzee. Alilazwa Alhamisi, Ijumaa alfajiri akafariki. Heri alikuwa bado njiani.

Nilimuuliza Heri kama bado ana kinyongo.

"Nilimsamehe siku ile ile," akasema. "Hata Soni, hapo njiani kuteremka Mombo, gari lilikuwa halijafika. Nilisema moyoni, Tate, baba, yameisha. Nikadhani nitamwambia siku nyingine."

Kwa sasa Heri yuko Malindi. Jioni anakaa na Salama jikoni. Anasema hesabu za darasa la pili bado zinamtoa jasho.

Kwa Bi Mwanahawa, Heri, Salama na ukoo wote wa Singano, poleni sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe mzee wetu.

Nawe unayenisikiliza, mtoto yuko mbele yako na daftari, amekosea tena. Tazama kwanza uso wake. Na kama yuko mtu uliyekwisha kumsamehe kimyakimya, zima redio hii. Mpigie.