Mkono Uliokawia: Wasifu wa Marehemu Subiri, Mpiga Kinanda

Marehemu, ambaye wanamuziki wote mlimjua kwa jina la Subiri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mdogo wake wa pekee alifuata miaka tisa baadaye, na marehemu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Mgongo ule ulistahili malipo bora zaidi.

Alianza shule mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1974, kwa alama ambazo mama aliona heri azifiche chini ya godoro. Lakini shuleni palikuwa na kinanda cha kukanyaga, na mwalimu wa kwaya alimwachia ufunguo wa chumba. Jambo moja tu lilimshinda mwalimu huyo: mkono wa kulia wa kijana ulikawia kidogo nyuma ya mdundo, kama mtu anayewaza kabla ya kujibu.

"Unachelewa," alimwambia.

"Sichelewi, mwalimu. Nawasubiri wavute pumzi."

Jina likaanzia hapo.

Kuanzia mwaka 1976 alipiga katika bendi tatu, na waimbaji walimgombania, kwa sababu akiwa nyuma yao hakuna aliyekosa pumzi. Kwa kazi hiyo alimsomesha mdogo wake ufundi mitambo, hadi naye akafungua studio ya kurekodi.

Tarehe 8 Desemba 1984 alimwoa muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili. Mkewe anasema hata wakigombana alikawia kujibu, mpaka yeye hasira zimemwisha na amesahau walianzia wapi.

Mwaka 2011 alirekodi nyimbo tisa zake mwenyewe kwa mdogo wake, kwa siku nne. Mdogo mtu akaziingiza kwenye kompyuta, akazinyoosha noti zote, kila moja ikakaa sawasawa juu ya mdundo. Ndivyo alivyowafanyia wateja wote. Na kwa ubahili wake wa nafasi, akahifadhi kazi mpya juu ya ile ya awali, ikafutika.

Marehemu alisikiliza akiwa amesimama. "Ni safi," alisema. "Ila huyu anayepiga simfahamu. Zile za kwanza umeziweka?"

"Zipo, kaka. Wala usiwe na wasiwasi."

Hazikuwepo. Kikulacho ki nguoni mwako, na marehemu alimwamini. Nyimbo zilipigwa redioni, watu wakampongeza barabarani, akawashukuru kwa adabu yake ileile. Hakurekodi tena, kwa kuwa alijua mkono wake umehifadhiwa mahali.

Juni 2021 alipatwa na kiharusi, na mkono huohuo wa kulia ukafa. Akamwita mdogo wake. "Niletee zile za kwanza. Nataka nijisikie nikipiga."

Mdogo wake akasema anazitafuta. Alizitafuta kwa mdomo miaka miwili mizima, huku akileta matunda na visingizio. Wiki ya mwisho akakiri.

Marehemu alikawia kujibu. "Ungeniambia nikiwa na mkono," alisema, "ningezipiga upya."

Alifariki tarehe 2 Septemba 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono uliobaki mzima.

Mjane ameomba leo usipigwe wimbo wake wowote, kwani hakuna hata mmoja uliobaki ambao ni yeye anayepiga. Ombi hilo limeheshimiwa, ndiyo maana mmekaa kimya hivi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake mmoja, fundi mitambo, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayewasomea.

Kaka apumzike kwa amani. Mdogo wake msimpe pole.