Bi. Aune Kallio na Jumanne Zake za Kisima Namba Nne

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, saa sita mchana, Bi. Aune Kallio wa Idara ya Maji ya Mji wa Penhallow atarudisha ufunguo wa gari namba saba na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na tisa ya utumishi. Kwa hesabu yake mwenyewe amekosa kazini siku kumi na moja tu, na nne kati ya hizo anailaumu theluji. Wenzangu wameniomba mimi, Prabhjot Mangat, mtunza daftari la mali za mji, niandike wasifu huu. Nadhani walinichagua makusudi, maana katika ofisi nzima hakuna aliyewahi kumkosea Bi. Aune kama mimi.

Aliajiriwa mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Aling'atwa na mbwa wawili, na anasema mmoja wao alijuta. Miaka mitatu baadaye alikabidhiwa visima vya uangalizi, yaani yale mabomba sita ya chuma ambayo mji uliyazamisha ardhini ili kujua hali ya maji yaliyoko chini. Penhallow haina mto wa kutegemea wala bwawa. Tunakunywa kilicho chini ya miguu yetu, na kwa muda mrefu mtu pekee aliyekuwa akikijulia hali ni yeye.

Kila Jumanne saa tatu asubuhi alipaka chaki ya bluu kwenye futi ndefu ya chuma, akaishusha ndani ya bomba, akaivuta juu na kusoma pale chaki ilipolowa. Kisha akalamba ncha. Kulamba huko hakumo katika mwongozo wowote wa kazi. Vijana wa karakana walimbatiza Bibi Futi, na baadhi yao walikuwa wakimuuliza kama angependa kuongezewa pilipili. Alikuwa akiwajibu kwamba ulimi hauhitaji betri.

Visima vitano kati ya hivyo havina maneno. Cha sita, ambacho kwenye daftari ni Namba Nne, kiko nyuma ya kiwanda cha zamani cha kusindika samaki wa samoni, hatua mia mbili kutoka ufukweni, nacho kinapumua. Hali ya hewa ikianza kuchafuka, hewa hutoka ardhini kupitia mdomo wa bomba. Kukitulia, huvutwa ndani. Wataalamu wanalieleza jambo hili vizuri, na maelezo yao yanatosha kabisa ukiwa ofisini.

Bi. Aune alifunga kipande cha uzi mwekundu wa sufu mdomoni mwa bomba ili aione ile pumzi. Uzi ukisimama, ardhi inatoa. Ukizama, inavuta. Hewa itokayo ni ya baridi hata katikati ya Julai, na ina harufu ya mawe ambayo hayajawahi kuona jua. Kabla ya kufungua kifuniko alikuwa akinong'ona maneno kadhaa ya Kifini, lugha ya wazazi wake. Siku moja nilimuuliza anasema nini pale. Akanijibu, bila kutabasamu, kwamba huwa anakiambia kisima amekuja na nani.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Niliajiriwa hapa mwaka 2014 nikiwa na shahada na maoni mengi. Baraza lilitaka mali zote za mji ziwe katika daftari moja: madaraja, makalavati, pampu na njia za waenda kwa miguu, kila moja na namba yake na hali yake. Nilishauri Namba Nne kiwekewe kifaa cha kidijitali kitakachopima kina na chumvi ya maji kila saa na kunitumia majibu kwenye kompyuta. Niliandika waraka kwamba upimaji wa Jumanne "hauna tija tena". Neno tija lilikuwa langu, na bado linanichoma. Bi. Aune akahamishiwa kupaka rangi mabenchi ya bustani. Aliyapaka vizuri sana, nendeni mkayaone. Na Jumanne ziliendelea, kwa saa yake ya chakula cha mchana, bila sisi kujua.

Kifaa kilifanya kazi kwa uaminifu mkubwa. Kwa miezi mitano kilinitumia majibu yaleyale: kina mita 14.62, chumvi hakuna. Nilipaka mstari wa Namba Nne rangi ya kijani na kuandika "hali nzuri sana". Kwa msingi wa mstari huo, alasiri moja ya Septemba 2015, madiwani walikaa kupitisha pampu ya tatu kwa ajili ya nyumba mpya za kule Rasini.

Bi. Aune aliingia kikaoni na ovaroli yenye madoa ya rangi ya kijani, futi ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa safi. Aliyekuwa Meya wakati huo, Mheshimiwa Roland Petrie, alimuuliza kwa upole kama jina lake limo kwenye ajenda. Bi. Aune akailaza ncha ya futi juu ya ajenda yenyewe.

"Mheshimiwa, lamba hapa."

"Bi. Aune, tuko kikaoni."

"Najua mko kikaoni. Ndiyo maana nimekuja saa hii. Lamba."

Watu walicheka mpaka Meya alipolamba na kubadilika uso. Alimsogezea futi diwani wa kuliani kwake, naye akamsogezea wa pili, ikazunguka meza nzima. Ilinifikia mimi mwisho. Ilikuwa chumvi ya bahari, nzito na chungu kidogo, ile unayoimeza ukipigwa na wimbi.

"Bahari inakuja," Bi. Aune alisema. "Msitazame ufukweni, haiji kwa njia hiyo. Inakuja chini kwa chini, tunavyozidi kuvuta maji nayo inazidi kusogea. Mwezi wa sita ilikuwa chini ya kiwanda. Sasa nadhani iko chini ya maktaba."

Maktaba iko jengo moja na ukumbi wa baraza. Nakumbuka hakuna aliyegeukia dirishani. Wote tulitazama zulia.

Asubuhi iliyofuata alinipeleka Namba Nne. Nyuma ya kiwanda kuna mabomba mawili, hatua moja kati yao, rangi moja, vifuniko sawa. Moja ndilo kisima. Jingine ni bomba la zamani lililozibwa chini tangu mwaka 1971, nalo limebaki na maji kidogo ya mvua yasiyokwenda popote. Mafundi walikuwa wamekining'iniza kifaa changu ndani ya hilo la pili. Bi. Aune alishika uzi juu ya kisima, ukasimama wima. Akausogeza juu ya bomba jingine, ukaanguka.

"Kitu kinachopumua hakiwezi kukaa kwenye namba moja miezi mitano," aliniambia. "Mwanangu, ulikuwa unampima maiti na kuandika yu mzima."

Nilisubiri aendelee, maana nilistahili zaidi ya hapo. Badala yake alifungua mfuko wake, akanikatia mkate wa iliki, tukala tumekaa kwenye bampa ya gari namba saba. Nimewahi kufeli mitihani, na nimewahi kuachwa na mchumba, lakini aibu ya mkate ule sijapata kuiona tena. Jumanne iliyofuata alirudishiwa visima vyake.

Hatua zilizofuata zimeandikwa kwenye kumbukumbu za baraza, ingawa jina lake halikutajwa sana humo. Pampu mbili za karibu na bahari zilizimwa, na ile ya tatu haikuwashwa kamwe. Nyasi za mji mzima zilikauka kiangazi mara mbili mfululizo, tukatukanwa kila kona. Kinamasi cha Hollin, kule juu mvua inakoingilia ardhini, kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya ukumbi wa mchezo wa magongo kwenye barafu na maegesho yake. Bi. Aune aliuliza swali moja tu: kama kalavati lina namba, siku ya ukaguzi na mtu wa kulitunza, kwa nini kinamasi kisiwe navyo, wakati ndicho kinachotunywesha? Leo daftari la mali za Penhallow linaanza na maji ya chini ya ardhi, kinamasi ni cha pili, misitu ya mlimani ya tatu, na jengo la ofisi ya Meya ni la arobaini na tatu. Mheshimiwa Petrie alilalamika kidogo kuhusu hilo, kisha akatia saini. Wageni kutoka miji mingine wamekuja kujifunza namna tunavyolitunza, na kabla ya kuondoka wote huomba kuuona uzi.

Kuna jambo moja ambalo halimo katika daftari. Tulipozima pampu, uzi ulining'inia siku tisa bila kutikisika. Dhoruba mbili zilipita, mvua ya mawe ikanyesha, Namba Nne kimya. Bi. Aune alikaa pale kila siku na koti lake la mvua, na alipoulizwa anafanya nini alisema anakaa na mgonjwa. Siku ya kumi, anga likiwa jeupe na bahari imelala, kisima kilivuta pumzi moja ndefu iliyosikika mpaka barabarani, kikameza uzi pamoja na fundo lake. Hatukuupata tena. Mtaalamu tuliyemwita aliandika ripoti ya kurasa arobaini ambayo ina neno "pengine" karibu kila ukurasa. Bi. Aune alifunga uzi mwingine na kwenda kula. Chumvi ilichukua majira matatu ya baridi kuondoka. Machi 2018 alilamba futi, akafikiri kidogo, akasema ni tamu, akarudi garini.

Wasifu huu nilipaswa kuuwasilisha Jumatatu. Nimeuchelewesha mpaka leo, Jumatano, kwa sababu jana ilikuwa Jumanne yake ya mwisho na nilitaka niwepo.

Hapakuwa na wingu wala upepo. Siku ya namna hiyo kisima kinapaswa kuvuta. Bi. Aune aliinama, akanong'ona Kifini chake, na katikati ya maneno nisiyoyaelewa nikasikia jina langu. Alipofungua kifuniko uzi ulisimama wima, na baridi ile ikatupiga usoni. Alikaa ameinamia pale muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akashusha futi, akaivuta, akasoma kina, kikawa sawa. Alibaki ameishika ncha mkononi, karibu na kifua. Halafu akanipa.

"Leo wewe."

Nililamba. Kulikuwa na chumvi, kidogo sana, ya kumfanya mtu asite. Nilipomtazama, mashavu yake yalikuwa yamelowa. Huyu ndiye mwanamke aliyemzika mumewe Veikko Ijumaa na kusoma visima Jumanne, na wala hatukumwona akitoa chozi. Alijifuta kwa mkono wa ovaroli na kusema ni upepo wa kisima. Nikamwambia nimeonja chumvi, nikamsihi alambe na yeye, ulimi wake ndio wenye uzoefu. Alitikisa kichwa. Alikuwa ameshaanza kuikunja futi.

"Jumanne utajua kama ilikuwa yangu au ya bahari," alisema.

Kifaa cha kidijitali, ambacho siku hizi kiko kwenye bomba sahihi, kinasema chumvi hakuna. Lakini kifaa hicho na mimi tuna historia.

Bi. Aune, kwa niaba ya Baraza, Idara ya Maji na kila aliyewahi kufungua bomba jikoni mwake bila kujiuliza maji yanatoka wapi, pokea shukrani zetu. Mimi nakushukuru zaidi kwa kipande kimoja cha mkate. Upumzike kwa raha na dada yako Helmi, sauna yenu iwake kila jioni, na asubuhi zako zisiwe na kengele ya saa. Ila Jumanne ijayo, saa tatu, nitakuwa Namba Nne peke yangu na futi yako. Nitakiambia kisima nimetumwa na wewe. Tafadhali siku hiyo usikae mbali na simu.