Mguu wa Mwinshehe na Karatasi ya Intaneti

Benchi la kahawa la Vingunguti, hatua chache kutoka machinjioni, hukaliwa na watu wanaobeba nyama mabegani tangu alfajiri. Ijumaa hiyo ya mwaka tisini na tisa, Mwinshehe alikuwa amepandisha mguu wake wa kushoto juu ya ndoo, kifundo kimeumuka kama andazi. Aliteleza na paja la ng'ombe begani. Jumapili alitakiwa golini dhidi ya timu ya Mtoni, na neno hospitali hakutaka kulisikia, maana mwaka juzi walimfunga hogo la plasta wiki sita, ligi ikaisha yeye yuko kitandani. Alitaka kuambiwa jambo moja, tena bila kuzungushwa: atadaka au hadaki?

Jabiri, waliyemwita Satelaiti kwa kupenda habari za mbali, akatokea mjini na karatasi mkononi.

— Imetoka kwenye intaneti, Posta kule. Nimeandika kwa Kiingereza mguu umevimba, kompyuta ikaitema hii. Wazungu hawabahatishi, mjomba!

— Soma kwa Kiswahili, acha mbwembwe, alisema Mwinshehe.

— "Kagua mguu wa nyuma wa kushoto."

— Si huo huo! akarukia Fakihi, mchuna ngozi. Wa nyuma, wa kushoto! Wameujuaje na wako Ulaya?

— Mambo ya angani hayo. "Umwagiwe maji baridi dakika ishirini."

Mguu ukatumbukizwa ndooni. Mwinshehe akasikia nafuu, na kwa nafuu hiyo akaiamini karatasi nzima.

— "Abaki bandani siku kumi, alale juu ya majani makavu."

— Banda gani? Mie nimepanga chumba, kina sakafu!

— Usifoke, lugha ya kitaalamu hiyo. Majani yanafyonza uvimbe, godoro linaurudisha.

— Ndiyo maana viwanja vya Ulaya vimejaa majani, alisema Fakihi. Akiumia mtu, analazwa pale pale!

— "Apunguziwe pumba."

— Pumba naila wapi?

— Dona unayokula kila siku ina nini? Kuanzia leo sembe tupu.

Mwinshehe alikuwa ameshaanza kuwaza atapata wapi majani, Felicitas, muuguzi wa zahanati ya jirani, alipofika kununua kahawa.

— Shikamooni.

— Marahaba, sista.

Akaipokea karatasi, akaisoma kimya mpaka chini, kisha akautazama mguu ndooni.

— Kaka Mwinshehe, huu ndio wa nyuma?

— Ndio wenyewe.

— Na miguu ya mbele iko wapi?

Satelaiti akakikodolea macho kikombe. Fakihi, aliyechuna ng'ombe miaka kumi na miwili, akaitazama mikono ya kipa, mmoja, wa pili.

Mwinshehe akautoa mguu majini.

— Sista, zahanati mnafunga saa ngapi? Nishike, Satelaiti. Na hiyo karatasi kaibandike machinjioni, wagonjwa wake wako kule.